Siku Spika Zilipozimwa

Mama ndiye aliyemsikia kwanza. Tulikuwa bado kwenye maegesho. Mimi nimeinama namfunga mwanangu kamba za viatu, dada yake anazihesabu tiketi kwa mara ya tatu, na Mama amesimama kando ya gari, mkono mmoja kwenye mlango. Akasema, "Hebu nyamazeni kidogo." Tukanyamaza. Kutoka nyuma ya miti, mbali, ikaja sauti nzito iliyoanza kama mkoromo, ikapanda, ikavutika, kisha ikakatika kwa miguno mifupi mitatu. Kijana akauliza kama huyo ni simba. Bibi yake akamjibu kabla yangu: "Si simba, mjukuu wangu. Huyu anamwita mtu."

Alikuwa kulungu dume, wale wakubwa wa nchi za baridi wenye pembe za matawi, na Mama hakuwa mbali na ukweli.

Niseme kwanza habari za macho yake, kwa sababu bila hayo nisingeiona siku ile nilivyoiona. Mama ana presha ya macho. Iligunduliwa ikiwa imeshachelewa, na sasa anachokiona ni kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo: kipande kidogo katikati, pembeni kote giza. Mnyama akisimama kwenye kile kipande, anamwona. Akisogea hatua mbili, amepotea. Watu wengi walinishauri nisimpeleke. Atakwenda kuona nini kwenye hifadhi ya wanyama? Mwaka uliotangulia ningekubaliana nao, kwa sababu mwaka uliotangulia nilimpeleka kwenye tamasha kama hili, mahali pengine, na tulirudi nyumbani kabla ya saa sita mchana.

Matamasha ya familia ya msimu huu yameenea sana katika hifadhi za wanyama za nchi zenye misimu minne. Kiswahili tunauita vuli, jina tuliloliazima kutoka kwa mvua fupi. Wengine wanapenda kusema majira ya kupukutika majani, na kwa siku kama ile hilo la pili linakaa vizuri zaidi. Joto limekwisha, baridi kali haijafika, shule zina mapumziko, na kila mzazi anatafuta siku moja ya mwisho ya kuwatoa watoto nje. Hifadhi nazo zinahitaji wageni kabla ya miezi mitupu. Basi zinapanga maboga, michezo, kofia za majani, mazungumzo na watunza wanyama. Sina ubaya na lolote kati ya hayo. Nilichokuwa na ubaya nacho mwaka ule ni spika.

Ziliwekwa nne, juu ya nguzo, mita chache kutoka kwenye uwanja wa kulungu. Muziki ulipigwa tangu tulipoingia. Kulikuwa na dume mmoja ndani, na dume huyo alikuwa akitembea kando ya uzio, anakwenda mpaka kona, anageuka, anarudi, anageuka. Kwato zake zilikuwa zimechimba mfereji kwenye tope. Nilisimama na binti yangu tukamhesabia: mara kumi na nne bila kusimama. Mama hakumwona wala hakumsikia. Alisikia muziki tu, na kelele za watu waliokuwa wakipandishiana sauti ili wasikiane juu ya muziki. Kwa mtu anayeijua njia kwa masikio, hali ile ni sawa na kumfunga kitambaa usoni. Akanishika kiwiko, akaniomba tuondoke. Niliwaandikia barua baadaye. Sikujibiwa.

Kwa hiyo mwaka huu nilipopiga simu kwenye hifadhi nyingine, sikuuliza habari za chakula wala michezo. Niliuliza kama kutakuwa na spika karibu na wanyama. Dada aliyepokea simu akasema hapana: muziki upo upande wa lango tu, na saa tano kamili unazimwa kabisa, kwa sababu kulungu wako msimu wao. Nikakata tiketi nne papo hapo.

Msimu wao maana yake nini? Kuanzia katikati ya Septemba hadi mwisho wa Oktoba hivi, madume ya kulungu mwekundu wa Ulaya yanageuka viumbe vingine. Shingo zinanenepa, manyoya ya shingoni yanarefuka, na kula karibu kunaachwa. Dume linaweza kupoteza hadi sehemu moja ya tano ya uzito wake katika wiki hizo chache, kwa kulinda majike, kufukuza wapinzani na kunguruma usiku na mchana. Yote haya yanaanzishwa na kufupika kwa mchana, jambo lile lile linaloiambia miti iache majani.

Watafiti waliokuwa wakiwafuatilia kulungu wa kisiwa cha Rum, magharibi ya Uskoti, walieleza mwaka 1979 kwamba kunguruma huku ni mashindano yenye kanuni. Madume mawili yanajibizana, yanaongeza kasi ya ngurumo, na lile lisiloweza kufikia kasi ya mwenzake mara nyingi linaondoka bila pembe kugusana. Kunguruma kunachosha. Mnyama aliyechoka hawezi kudanganya kwamba ana nguvu. Na si vita tu: mwaka 1987 ilionyeshwa kwamba majike yaliyosikilizishwa ngurumo za dume yalikuwa tayari kupandwa mapema kuliko yale ambayo hayakuzisikia. Fikiria basi maana ya kuweka spika nne kwenye nguzo juu ya uwanja huo, katika wiki hizo hizo. Sauti ni silaha yake, ni posa yake, ni barua yake ya utambulisho. Sisi tunaifunika kwa muziki, halafu tunashangaa mbona anazungukazunguka.

Tulifika uwanjani kwao saa tano na dakika chache. Muziki wa langoni ulikuwa umekatika. Kulikuwa na watu labda sitini kwenye jukwaa la mbao, na mtunza wanyama, mama wa makamo mwenye viatu vya mpira vilivyojaa tope, aliyeongea bila kipaza sauti. Alituambia jambo moja tu kabla ya kutuacha: dume akiinua kidevu, angalieni koo lake.

Nikampa Mama nafasi ya mbele kabisa, mikono yake kwenye reli. Dume alikuwa kama mita thelathini mbele yetu. Alikuwa ametoka kugaagaa kwenye tope. Tumbo lote jeusi, linachuruzika. Kwenye pembe ya kushoto lilining'inia fungu zima la majani makavu aliyoyang'oa akipiga vichaka, na kila akitikisa kichwa lile fungu linapepea kama kitambaa. Akanyoosha shingo, akainua kidevu. Na pale, chini ya manyoya ya koo, uvimbe kama ngumi ukaanza kushuka. Ukateremka taratibu, ukafika karibu na kidari. Ndipo sauti ikatoka, pamoja na wingu la mvuke.

Ule uvimbe ni zoloto, kile kiungo cha kooni kinachotoa sauti. Kulungu dume ana uwezo wa kulivuta zoloto lake chini kiasi hicho kila anaponguruma, akaurefusha mrija wa sauti, na sauti ikatoka nzito, ya mnyama mkubwa. Nilikuwa nimewahi kulisoma hilo. Kulisoma ni jambo moja. Kuliona likitelezea chini ya ngozi, halafu kuhisi reli ya mbao ikitetemeka mikononi, ni jambo lingine.

Mama hakuona zoloto. Alikuwa amelala kifua kwenye reli, macho ameyafumba kabisa. Akaniambia, bila kugeuka, "Kuna mwingine kule kulia. Mdogo." Sikuwa nimesikia kitu. Mtunza wanyama akamtazama, akasema ni kweli, kuna dume la miaka minne kwenye uwanja wa nyuma ya msitu, huwa linajaribu kujibu. Tukasikiliza sote, watu sitini, watoto ndani yake, na baada ya kitambo likajibu: sauti nyembamba zaidi, iliyokatika mapema. Yule mkubwa akajibu hapo hapo. Mdogo hakurudia tena.

Mwanangu mwenye miaka sita alisimama dakika kumi nzima bila kuomba chochote. Wazazi wenzangu watajua uzito wa sentensi hiyo.

Kando ya jukwaa palikuwa na meza ya vitu vya kushika, na hapo tulikaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Mwenye meza aliweka pembe kamili iliyodondoka majira ya kuchipua. Mama akaipokea kwa mikono miwili, akaishangaa uzito. Akapitisha kidole gumba kwenye mifereji inayopanda kando yake, akauliza hii mistari ni ya nini. Ni njia za mishipa ya damu. Pembe ya kulungu ni mfupa halisi. Inaota upya kila mwaka kwa miezi michache, ikiwa imevikwa ngozi laini yenye damu na joto, kisha mwisho wa kiangazi ngozi inakauka, mnyama anaisugua kwenye miti, na alama za mishipa zinabaki. Mama aliifuata mishipa ile tangu shina mpaka ncha ya kila tawi. Akafika kwenye ncha moja iliyovunjika, akasimama hapo. "Alipigana," akasema.

Pembeni ya pembe kulikuwa na kikapu cha sufu ya nyati wa Ulaya, iliyookotwa kwenye nguzo anazojikuna wakati wa kubadili manyoya. Nyekundu ya kahawia, ya mafuta kidogo, yenye harufu ya zizi na majani. Nyati hao wana historia ninayotaka watoto wangu waikariri. Wa mwisho mwituni katika msitu wa Białowieża, mpakani mwa Poland na Belarus, aliuawa 1919, na wa mwisho kule kwenye milima ya Caucasus mwaka 1927. Waliobaki walikuwa wachache, wote katika mabustani na hifadhi za watu, na kundi zima lililopo leo duniani limetokana na wanyama 12 tu. Mwaka 1952 wakaanza kurudishwa kwenye msitu ule ule wa Białowieża. Kwa hiyo mtu akiniuliza uzio una faida gani, namjibu kwamba kuna mnyama mkubwa wa nchi kavu kuliko wote barani Ulaya ambaye asingekuwepo bila uzio. Lakini uzio unadai heshima. Aliyemfungia mnyama asipate pa kukimbilia, awe wa kwanza kumpunguzia kelele.

Maboga yalikuwa ya mchana. Watoto walikuja kwa ajili yake, sitaki kudanganya. Tangu asubuhi kila familia ilipewa boga bichi la kuchonga matundu, na watunza wanyama wakajaza ndani samaki, matufaha, karanga, kulingana na linakokwenda. Boga kwa mnyama wa hifadhi ni zaidi ya chakula: ni kazi. Linabingirika, linateleza, lina harufu ngeni, halifunguki kwa mara ya kwanza. Kazi ndiyo mnyama wa zizini anayoikosa kuliko chakula. Katika bustani ya wanyama ya Portland, Oregon, mtafiti Hal Markowitz alianza miaka ya 1970 kutengeneza vifaa ambavyo wanyama, wakiwemo giboni, wale nyani wadogo wasio na mkia, waliviendesha wenyewe wakajipatia chakula, na fikra hiyo imeenea mpaka kuwa sehemu ya kawaida ya utunzaji. Bustani hiyo hiyo ndiyo ambayo tangu 1999 huwapa tembo wake maboga makubwa kila vuli, na tembo huyakanyaga.

Boga la wanangu lilikwenda kwa dubu. Waliliweka juu ya gogo, pamoja na mengine sita, wakafungua mlango wa banda, wakaondoka. Mlango wa nyuma wa banda ukaachwa wazi pia, ili asipotaka kutoka asitoke. Nililipenda jambo hilo kuliko maboga yenyewe.

Alitoka. Dubu wa kahawia jike, mnene mpaka manyoya ya ubavuni yanatikisika anapotembea. Vuli ndiyo miezi yao ya kunenepa. Dubu wa mwituni anaweza kula hata saa ishirini kwa siku. Kule Alaska, katika hifadhi ya Katmai, tangu 2014 watu wanawapigia kura dubu wa mto Brooks kila vuli, nani kanenepa zaidi, na dubu mzee aliyeitwa Otis alishinda mara nne. Binti yangu anayajua majina yao yote. Ninachokipenda kwenye shindano lile ni kwamba dubu hawana habari nalo. Wanavua samaki wao mtoni, na ulimwengu unawatazama kwa mbali, kimya, kupitia kamera.

Wetu alilinusa boga la kwanza, akaliacha. La pili akaliangusha kwa pua. La tatu akalishika kwa miguu yote miwili ya mbele, akakaa kitako kabisa kama mtu, akaliuma. Mlio ule! Gamba nene, bichi, likipasuka kwenye magego. Kisha mbegu, kisha unyevunyevu wa nyama ya ndani, kisha pumzi ya puani akitafuta samaki. Nilikuwa namsimulia Mama, nikaona ninamsumbua. Alikuwa anafuata mwenyewe. "Amelipata," akasema, na kweli alikuwa amelipata. Boga la watoto lilikuwa la tano. Alilibingirisha mpaka kwenye kidimbwi, likaelea, akaingia nalo majini. Kijana alipiga kelele ya furaha, kisha akaziba mdomo wake mwenyewe kwa viganja viwili.

Mtunza wake alituambia kwamba miezi ijayo atalala, ingawa dubu wa hifadhini, kwa kuwa chakula hakimkatikii, mara nyingi analala kwa vipande na kuamka. Mwituni usingizi huo ni jambo zito: miezi bila kula, bila kunywa, bila haja ndogo wala kubwa, moyo ukipiga mara kumi hivi kwa dakika, na jike anazaa humo humo katikati ya baridi. Binti yangu akauliza kama anaota ndoto. Mtunza akasema angependa sana kujua.

Shughuli nyingine tulizipitia harakaharaka. Kofia za majani tulitengeneza, mvua ikazilowesha. Kulikuwa na banda la kujenga vibanda vya kalunguyeye kwa matawi na majani makavu, na hapo nilifurahi kusikia mtu akiwaonya wazazi wasitupe maboga yao msituni baada ya tamasha wakidhani wanawasaidia wanyama: kalunguyeye akishindilia boga tumbo linaharibika, naye wakati huu anahitaji kila gramu ya mafuta kwa ajili ya usingizi wake. Mti wa mwaloni juu ya banda hilo ulikuwa unadondosha matunda yake kwenye paa la bati, to, to, to, na kindi mmoja akishuka kuyachukua chini ya pua za watu.

Jioni ilianza mapema. Matembezi ya mwisho yalikuwa ya popo, kando ya bwawa, na waliobaki tulikuwa wachache. Kila familia ilipewa kifaa kidogo kama redio ya mkononi. Popo wengi wadogo wanalia kwa sauti ya juu mno kwa sikio la binadamu. Kwa kilohezi, kipimo cha wembamba wa sauti, sisi ukomo wetu ni 20 hivi, na huo ni wa mtoto, lakini yule popo mdogo anayeonekana kila mahali Ulaya analia karibu na kilohezi 45. Kifaa kinaishusha sauti mpaka tunapoweza kuisikia. Watoto waligombania kukishika, kisha wakachoka kuzungusha kitufe, na giza likawa giza. Wote tukawa hatuoni. Baba mmoja akajikwaa kwenye mzizi. Mama alitembea katikati ya njia bila kusita, akanitahadharisha mimi kuhusu dimbwi la maji lililokuwa mbele.

"Nipe mie," akamwambia mjukuu wake.

Kijana akamwekea kifaa kiganjani, akamwelekeza kidole kwenye kitufe. Kwa muda palikuwa na mkwaruzo tu. Kisha pa, pa, pa, kama matone makubwa yanayopiga jani pana. Yakakaza mwendo, yakaungana yakawa mlio mmoja wa haraka kama zipu inayofungwa, yakakatika. Kiongozi wa matembezi akasema hapo popo amemkamata mdudu. Mama akacheka kwa sauti. Akasogeza kifaa polepole kulia, akifuata kitu ambacho hakuna aliyekiona, na tukamfuata sote, kichwa kwa kichwa, kuelekea upande anaouelekeza.

Tuliporudi kwenye gari watoto walilala kabla sijawasha taa. Kulikuwa na baridi ya kuuma. Nikawasha kipasha joto, nikafunga vioo. Mama akapapasa mlangoni mpaka akapata kitufe, akateremsha kioo chake chote, akatoa kiwiko nje.

"Subiri kidogo usiondoke," akasema. "Hajamaliza."